Mpemba Asiyetoka Pemba na Mtungi wa Dodoma

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Methali hii tunawafundisha watoto wetu tangu hawajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini mtoto akishaingia darasani na kuuliza kweli, mara nyingi sisi sisi tuliomfundisha methali ndio wa kwanza kumcheka. Mwandishi wa safu hii ni mmoja wa wakosaji hao, na makala ya leo ni maungamo yake. Maungamo yenyewe yametoka mbali na pwani: yametoka Dodoma, na sababu yake ni mtungi wa maji.

Mwezi wa Oktoba uliopita nilikwenda Dodoma kwa shughuli ya kikazi. Nilivuka bahari kutoka Unguja, nikalala Dar es Salaam, na asubuhi nikapanda treni ya umeme iliyoanza safari zake za Dodoma mwaka 2024. Shughuli zangu zilikwisha mchana. Jioni nilikuwa mgeni asiye na kazi. Mwenyeji wangu, karani wa wizara mojawapo aliyehamia huko pamoja na Serikali, akanichukua mpaka barazani kwao, chini ya mwarobaini, mahali ambapo mama mmoja huuza chai na vitumbua.

Ndugu msomaji, baraza za Unguja tunazijua. Kuna baraza ya siasa, baraza ya mpira, baraza ya bao, na baraza ya wanaotafuta wa kumsema. Hii ya Dodoma ilikuwa ya namna nyingine. Wajumbe wake walikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, fundi wa visima, muuguzi wa hospitali, yule karani mwenyeji wangu, na mzee mmoja kutoka Wete ambaye amekaa bara kwa biashara miaka mingi lakini lafudhi yake haijahama hata nyumba moja. Hawa hukutana kila jioni kuzungumzia sayansi. Si sayansi ya kwenda mwezini, la hasha. Ni sayansi ya sufuria, ya ndoo, ya mbuyu na ya vumbi. Wana sheria moja tu: ye yote anayetoa dai, atoe pia njia ya kulijaribu, na dai likishindwa, mwenye dai hulipia chai.

Nilipoketi nikaamkiwa "Mbukwa" kwa desturi ya Wagogo, nikaitika kadiri ya uwezo wangu, nikaletewa kata ya maji kutoka kwenye mtungi uliokuwa kivulini. Nikanywa. Maji yalikuwa baridi hata meno yakauma. Nikatazama huku na huku nikitafuta waya wa umeme.

MTUNGI UNATOKA JASHO

Mwalimu mstaafu aliona mshangao wangu, naye hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Alitoa kipimajoto mfukoni, maana hutembea nacho kama watu wengine wanavyotembea na kalamu, akapima hewa ya kivulini: digrii 30. Akakitumbukiza mtungini, akasubiri: digrii 21.

"Mgeni wetu," akasema, "nani amekupozea maji haya?"

Jibu ni kwamba maji yamejipoza yenyewe. Mtungi wa udongo una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji hupenya polepole mpaka nje, ukuta wake ukawa na unyevu kama paji la uso la mpagazi. Unyevu ule hugeuka mvuke na kwenda zake hewani; lakini maji hayawezi kugeuka mvuke bila ya kuchukua joto, na joto la karibu ni lile la mtungi na maji yaliyobaki ndani. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke katika hali ya kawaida ya hewa huchukua kalori zipatazo 580. Kwa hesabu hiyo, gramu moja tu inayopotea yatosha kupunguza joto la gramu 58 za maji kwa digrii 10. Mtungi, kwa maneno mengine, hutoza ushuru mdogo na kutoa huduma kubwa. Na karani akasema angependa idara zote zijifunze kwa mtungi.

Lakini sharti moja ni lazima litimizwe: hewa iwe kavu. Hewa ikiwa tayari imeshiba mvuke, haina nafasi ya kupokea mwingine, na unyevu wa ukuta wa mtungi hubaki palepale. Dodoma iko juu ya uwanda wa kati, mita zipatazo 1,120 kutoka usawa wa bahari, nayo hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Mwezi wa Oktoba hewa yake ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma hufanya kazi ya jokofu, na mtungi wa Unguja siku za masika hufanya kazi ya pambo.

Wajumbe walicheka. Mimi nilitabasamu tu, kwa sababu maelezo yale yalinichoma mahali nisipotarajia. Nitaeleza baadaye ni kwa nini.

CHAI, TEMBO NA KISIGINO

Mzee wa Wete, kwa kuwa tuliona fahari kukutana watu wa visiwani ugenini, alitaka nimsaidie katika lawama yake ya siku nyingi: kwamba chai ya Dodoma haikolei. Mwalimu akamwambia lawama hiyo ina msingi. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito wa kuyakandamiza maji, nayo huchemka mapema. Hesabu ya haraka ni digrii moja kwa kila mita 300. Unguja maji huchemka kwenye digrii 100. Dodoma huchemka kwenye digrii 96 na kidogo. Na katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, huchemka kwenye digrii 80 hivi, hata mtu anaweza kuona sufuria inatokota kwa vishindo na kiazi ndani yake bado kigumu. Maji yakishaanza kuchemka hayazidi joto tena hata ukiongeza kuni. Kuni za ziada hutengeneza mvuke tu.

Muuguzi akaongeza kwamba ndiyo maana chombo cha hospitali cha kusafishia vifaa hufungwa kifuniko kwa nguvu: mvuke ukizuiliwa, kanieneo hupanda, na joto hupita digrii 100 mpaka vijidudu visalimu amri.

Wakati wataalamu hawa wakijipongeza, mama wa chai alisikiliza huku akikoroga sukari. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye alihamia Dodoma kutoka Tanga, na wiki ya kwanza tu aliona maharage yamekaidi, akaongeza muda wa kupika na kuweka jiwe juu ya kifuniko. "Chai nayo huiacha ikae zaidi," akasema. "Ila huyu mzee wenu huitaka upesi upesi. Nanyi hamkuniuliza."

Baraza ikanyamaza. Mwalimu akatoa fedha, akalipia chai ya wote, ingawa dai lake halikushindwa. Alisema ni faini ya kuzungumza juu ya sufuria bila ya kumwuliza mwenye sufuria.

Kutoka hapo tukafika kwenye jina la mji wenyewe. Husimuliwa kwamba Dodoma limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani mahali palipozama, kwa sababu tembo aliyekwenda kunywa maji alizama matopeni. Katika baraza nyingine hadithi ingeishia hapo. Katika hii, fundi wa visima alidai hesabu. Tuseme, alisema, tembo ana kilo 4,000, na kila unyayo wake una eneo la sentimeta za mraba 1,000. Akisimama kwa miguu yote minne, kila sentimeta ya mraba ya ardhi hubeba kilo moja tu. Sasa tuseme bibi mwenye kilo 60 amevaa kiatu cha kisigino chembamba, eneo la sentimeta moja ya mraba, na katika kutembea kwake uzito wote ukaangukia kisigino kimoja. Sentimeta ile hubeba kilo 60. Bibi huyu anaionea ardhi mara 60 kuliko tembo.

"Kumbe mji huu ulipaswa kupewa jina na bibi harusi!" akasema karani.

Muuguzi ndiye aliyemwokoa tembo. Alisema yeye amevaa viatu vya namna hiyo, tena matopeni, na anajua yatokeayo: kisigino huzama mpaka soli iguse chini, na soli huupokea uzito. Tembo hana soli ya pili. Zaidi ya hayo, akitaka kuinua mguu mmoja, uzito wake huhamia miguu mitatu iliyobaki, nayo huzidi kuzama. Na tope huunyonya ule mguu kwa kuwa hewa haipati njia ya kuingia chini yake. Mnyama anayehangaika ndiye anayezama. Karani akasema kanuni hiyo anaijua tangu alipochukua mkopo.

MWANAFUNZI ALIYECHEKWA MARA MBILI

Jioni ya pili mzee wa Wete alinieleza kwa majivuno kwamba mtu wa kwao ameandikwa katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima. Wenzake wakaangua kicheko, maana wameusikia wimbo huo mara nyingi. Mtu mwenyewe anaitwa Erasto Mpemba. Na jina lake ni Mpemba, lakini hakuwa mtu wa Pemba. Alikuwa Mtanzania wa bara. Mzee wa Wete anaujua ukweli huu vizuri, ila hadhani kwamba ni sababu ya kutosha ya kuacha kumdai.

Kisa chake chafaa kusimuliwa upya, hata kwa wale waliokwisha kukisikia. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Mkoa wa Tanga. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, husubiri yapoe, kisha huyaweka ndani ya jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wanafunzi walikuwa wengi. Siku moja mwenzake mmoja, akihofia kukosa nafasi, alitia sukari katika maziwa ambayo hayakuchemshwa, akayaweka. Mpemba naye, kwa hofu hiyo hiyo, akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua. Maziwa ya moto yalikuwa yamekwisha kuganda. Yale ya baridi yalikuwa bado uji.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba bila shaka alichanganyikiwa. Baadaye akasikia kutoka kwa wauza aiskrimu wa mji wa Tanga kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa moto kwa makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Wale hawakuwa na cheti cha fizikia. Walikuwa na wateja wanaosubiri juani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena wakati somo lilipofikia kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Safari hii mwalimu alimjibu kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ile ya ulimwengu. Na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasani, wenzake waliimba kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Mwanafunzi mwingine angekoma. Huyu aliingia maabara ya biolojia, akachukua bilauri mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka katika jokofu, akaona kwamba dai lake lina ushahidi.

Kisha Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akatembelea shule ile. Mpemba akasimama mbele ya wote, akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja digrii 35 na kingine digrii 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha digrii 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Wanafunzi walicheka. Wengine walimlaumu kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni.

Dakta Osborne hakucheka. Alikiri kwamba hajui, akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Hapo baraza ya Dodoma hucheka kila mara, na mwenyeji wangu aliniambia kwamba maneno ya yule fundi yamekuwa msemo wao. Mjumbe akileta ripoti isiyopendeza, huambiwa: rudia mpaka ipendeze.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa katika Chuo cha Wanyamapori, Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ya baadaye ilikuwa ya wanyamapori, si ya fizikia. Jambo lenyewe lilikuwa limeguswa zamani na Aristotle, na Francis Bacon, na Descartes. Lakini lilikuwa limesahauliwa, na leo dunia hulitaja kwa jina la yule mwanafunzi wa aiskrimu.

Je, sababu imekwisha kujulikana? Hapa baraza iligawanyika, na mgawanyiko huo ni wa wataalamu wa dunia pia. Wengine husema maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, yakabaki machache ya kugandishwa. Wengine hutaja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, au mzunguko wa maji ndani ya chombo, au kwamba chombo cha moto huyeyusha ukoga wa barafu chini yake kikagusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000; mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, Kroatia. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Burridge na Linden, waliandika kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba kuinua au kushusha kipimajoto kwa sentimeta moja kwaweza kumdanganya mpimaji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walionyesha kwa chembe ndogo mno zilizo ndani ya maji kwamba kitu chenye joto zaidi chaweza kweli kufika kwenye ubaridi mapema kuliko chenye joto kidogo.

Mwalimu mstaafu ana msimamo wake. Husema kwamba hata kama siku moja itathibitika kuwa jokofu la Magamba lilimhadaa yule kijana, bado aliyekosea ni yule aliyecheka kabla ya kupima. Swali lililowashughulisha mabingwa kwa zaidi ya nusu karne haliwezi kuitwa swali la kijinga.

UNGAMO

Sasa nifike nilipoahidi. Kabla ya kushika kalamu ya gazeti nilifundisha fizikia kwa miaka miwili katika shule moja ya kisiwani, ambayo sina haja ya kuitaja. Darasani mwangu alikuwako kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, mnyamavu, mwenye daftari lililotiwa jalada la gazeti. Siku moja nikifundisha habari za joto, alinyoosha mkono akauliza: kwa nini siku za kaskazi, jua likiwa kali, maji ya mtungi wa nyumbani huwa baridi, na siku za masika, mbingu zimefunga mawingu na hakuna jua, mtungi ule ule haupozi kitu?

Nilimjibu kwamba joto la nje likizidi, joto la maji nalo huzidi. Kwamba asemayo ni kinyume cha kanuni. Na kwamba mtungi haumo katika mtihani. Nikaongeza neno la mzaha juu ya mtungi wa bibi yake. Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, nikajiona mwalimu hodari anayejua kuchangamsha somo. Yule kijana aliketi. Alimaliza shule, na alifaulu. Ila sikumbuki kumwona akinyoosha mkono tena.

Ilinichukua miaka ishirini na zaidi, na kata moja ya maji ya Dodoma, kufahamu kwamba mtoto yule alikuwa amesema kweli tupu. Siku za kaskazi hewa ya visiwani huwa kavu zaidi na upepo huvuma, mtungi ukatoa jasho lake ukapoa chini ya joto la hewa kwa kiasi kinachohisika ulimini. Siku za masika hewa imeshiba mvuke, na maji hubaki karibu sawa na hewa. Mtoto alikuwa ameona tofauti kati ya joto na ukavu, jambo ambalo mwalimu wake hakuliona ingawa alikuwa na kitabu mkononi.

KONGWA NA MAKUTUPORA

Huenda msomaji aliye ofisini akasema kwamba haya ni mambo ya mitungi na aiskrimu, na Serikali ina kazi nyingine. Nimwombe asafiri nami kidogo mashariki ya Dodoma, mpaka Kongwa. Huko, kuanzia mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa ina udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi hukauka ukawa kama sakafu, na karanga ni zao linalochimbwa chini. Mvua nayo haikutii ratiba. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36.

Wagogo waliokuwa wakiishi pale walikuwa watu wa ng'ombe, mtama na uwele, na miaka ya ukame waliijua kwa majina. Njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ilikuwa bado katika kumbukumbu za walio hai. Swali la kawaida kabisa, mvua hapa hukosekana mara ngapi, lingegharimu chai na vitumbua. Tena udongo ule mgumu ulikuwa chini ya miguu ya kila mtu aliyetaka kuinama na kuugusa.

Kinyume cha Kongwa ni Makutupora, kaskazini ya mji, palipo na visima vinavyoinywesha Dodoma. Fundi wa visima alinieleza habari zake kama mtu anavyoeleza habari za ukoo wake. Huko, kwa muda wa miaka 55 mpaka mwaka 2010, watu walikuwa wakishusha kipimo kisimani na kuandika kina cha maji. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna anayepigwa picha akisoma kipimo cha kisima. Lakini mwaka 2013 wataalamu walipochapisha uchunguzi wa daftari hizo, ilionekana jambo ambalo hakuna mtu angeliweza kulibuni kwa akili tu: maji ya chini ya ardhi ya Makutupora hayajazwi na kila masika. Kwa miaka kadhaa mfululizo kina hushuka, na visima hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ule wa 1997 na 1998, wakati wa El Niño.

Na mvua kubwa za namna hiyo hutokana na nini? Hutokana kwa sehemu na bahari. Maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu wa magharibi yakipata joto kuliko kawaida, mvuke huongezeka, na mvua hupanda bara. "Bahari yenu ikishikwa na homa," fundi aliniambia, "visima vyetu hunywa dawa." Hivyo mwananchi wa Chamwino anayekinga ndoo bombani, na mvuvi wa Nungwi anayelalamika kwamba maji ya bahari yamekuwa moto na samaki wamehama, wanazungumza habari moja bila ya kujuana. Laiti daftari zao zingekutana.

Hili ndilo ninalowaomba wakubwa walioko Dodoma na walioko visiwani. Kipimajoto ni kitu cha bei nafuu, na daftari ni nafuu zaidi. Kila shule ingeweza kuwa na mtungi mmoja, vipimajoto viwili, na mtoto wa zamu wa kuandika tarakimu kila asubuhi, iwe ana maksi za juu au za chini. Wakaguzi wanapotembelea madarasa, wasiulize tu ni majibu mangapi yametolewa. Waulize pia ni maswali gani yameulizwa, na yalipokewaje. Na mtumishi anayesoma kipimo cha kisima, cha mvua au cha bahari, asiwe wa kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua, kwa sababu tarakimu isiyoandikwa leo haiwezi kununuliwa kesho kwa bei yo yote. Mbuyu nao, kama tusemavyo, ulianza kama mchicha.

Niliporudi Unguja nilitafuta namba ya simu ya yule mwanafunzi wangu. Haikuwa kazi ngumu. Visiwa ni vidogo. Sasa ni mtu mzima, fundi wa mashine za boti, na ana watoto wanaosoma. Nilimkumbusha swali lake, nikamweleza jibu kwa urefu, na nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama zamani.

"Mwalimu," akasema, "radhi nimekupa. Lakini jibu lile nililipata wiki ile ile. Bibi aliniambia mtungi hupenda upepo kavu. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilitaka kujua upepo unaufanya nini."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi kuniuliza.

"Nilihamishia maswali kwa bibi," akajibu. "Yeye alikuwa hacheki."